Kabla Hujalipia Dola ya Morgan ya Daraja la Juu

Msomaji mmoja anayeishi Marekani ameniletea picha za dola ya Morgan, ile sarafu ya zamani ya fedha ya dola moja ya Marekani, ya 1884 yenye herufi S, yaani iliyochapwa San Francisco. Aliinunua kwa bei ya sarafu isiyowahi kutumika, akaipeleka kupimwa, ikarudi na daraja la AU58, yaani imetumika kidogo. Anauliza kama akiiosha vizuri na kuirudisha itapanda hadi MS, daraja la sarafu isiyowahi kutumika. Ndugu yangu, haitapanda, itashuka. Usiiguse kwa dawa yoyote mpaka umalize kusoma hapa.

Kilichomponza ni kuuliza zilichapwa ngapi badala ya kuuliza zimebaki ngapi ambazo hazikuchakaa. Chukua huo huo mwaka wa 1884. Kiwanda cha Carson City, Nevada, kilichapa dola 1,136,000. San Francisco walichapa 3,200,000. Kwa hesabu ya haraka utadhani ya Carson City ndiyo adimu. Lakini za Carson City zaidi ya 962,000 zilikaa kwenye mifuko ya hazina ya serikali miaka yote hiyo, kisha GSA, idara ya serikali inayosimamia mali zake, ikaziuza kwa umma kati ya 1972 na 1980. Za San Francisco zilitoka mapema, zikapita mikononi, madukani na mifukoni. Ndiyo maana 1884-CC (CC ni Carson City) safi kabisa unaipata ukiwa na pesa ya kawaida, ila 1884-S ya MS63 ni ya kutafutwa kwa tochi. Dola ya 1901 ya kiwanda cha Philadelphia ni hivyo hivyo: zilichapwa karibu milioni 7, zilizochakaa zipo tele, lakini MS65 yake ni ndoto ya wakusanyaji wakubwa. Na kumbuka kwamba sheria ya Pittman ya 1918 iliyeyusha dola zaidi ya milioni 270, tena bila mtu kuandika ni za miaka gani.

Sasa, kipimo kinaanzia 1 na kuishia 70, na MS huanza 60. AU58 ni sarafu iliyoguswa kidogo tu na matumizi, na katika miaka kama 1884-S kutoka hapo hadi MS bei huruka mara nyingi. Kwa hiyo jicho lako lazima liweze kuuona mpaka huo kabla ya kampuni ya upimaji kukuonyesha.

Zima taa za dari. Washa taa moja ya mezani yenye balbu ya kawaida, wala si mwanga mweupe uliotawanyika. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, kisha izungushe na kuiinamisha taratibu. Sarafu isiyotumika hutoa miale inayozunguka kama spoki za gurudumu, na miale hiyo lazima ipite bila kukatika juu ya shavu la mwanamke aliyechorwa upande wa kichwa, juu ya nywele zilizo juu ya sikio, na juu ya kifua cha tai upande wa pili. Ukiona miale inazimika hapo na kuacha doa la kijivu, hiyo imetumika, muuzaji aseme atakavyosema.

Hapa watu hukosea kwa dola za kiwanda cha New Orleans. Nyingi zilichapwa kwa nguvu ndogo, kwa hiyo nywele za juu ya sikio na manyoya ya kifua huwa bapa tangu siku ya kwanza. Ubapa wa kuchapwa hubaki na mng'aro juu yake, lakini wa kuchakaa hauna. Tofauti ni hiyo tu, na inatosha.

Ukisharidhika kwamba ni MS, tazama shavu kwa lenzi ya sonara ya mara 5 hadi 7. Dola hizi zilisafirishwa zikiwa 1,000 katika mfuko mmoja, zikigongana zenyewe kwa zenyewe, na shavu halina pa kujificha. Mgongano mmoja mkubwa katikati ya shavu huharibu zaidi ya midogo kumi iliyojificha kwenye nywele. Ukiona mistari myembamba sana inayokimbia pamoja upande mmoja, hiyo ni kazi ya kitambaa au brashi, sarafu imesafishwa. Iache.

Bandia ni nyingi. Dola halisi ina gramu 26.73, kipenyo milimita 38.1, fedha 90% na shaba 10%. Tumia mizani inayosoma gramu 0.01. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, na uizamishe sarafu ikining'inia kwenye uzi bila kugusa chini. Mizani isome karibu 2.59. Ikisoma 3 au zaidi, chuma hicho si fedha ya kiwango hicho. Sumaku nayo isiivute kabisa.

Kwa 1893-S, iliyochapwa 100,000 tu, vipimo hivi havitoshi, kwa sababu matapeli hubandika herufi S kwenye dola halisi ya 1893 ya Philadelphia au huchonga 8 ya mwisho ya 1898-S iwe 3. Upande wa kichwa ulichapwa kwa muhuri mmoja tu, hivyo iliyo halisi ina kistari kidogo cha mshazari kilichoinuka sehemu ya juu ya T katika neno LIBERTY. Kisipoonekana kwenye sarafu ya daraja zuri, usitoe hata senti. Hata iliyo ndani ya boksi la plastiki lililofungwa na PCGS au NGC, kampuni za upimaji, linganisha namba yake na picha iliyopo kwenye tovuti ya kampuni, maana maboksi nayo hughushiwa.

Tukirudi kwa msomaji wetu. Dawa ya kuzamisha sarafu ili ing'ae huondoa tabaka la juu la fedha, na tabaka hilo ndilo linalobeba miale. Nywele zilizochakaa hazioti tena, na sarafu inarudi ikiwa imeandikwa kwamba imesafishwa, bila namba. Iache ndani ya boksi lake, uweke pakiti ya silika ya kunyonya unyevu pembeni na kuibadilisha ikijaa. Usiitoe kuihifadhi kwenye vifuko laini vya plastiki ya PVC, maana hutoa ute wa kijani unaokula fedha. Ukitaka kuiuza, iuze kama AU58. Kwa 1884-S hilo ni daraja lenye wanunuzi.