Mashine imekata hela, noti hazijatoka

Pole sana dada. Kukatwa sh. 400,000 halafu mashine ya ATM ya Kariakoo isiteme hata noti moja, inauma, ila hela haijapotea. Mashine ni ya benki nyingine, sawa, lakini wewe nenda kwenye benki yako iliyokupa kadi. Kwa wenye mashine utazungushwa tu. Jaza fomu ya malalamiko, andika saa, mahali na namba ya muamala iliyo kwenye risiti au meseji (hiyo meseji usiifute!). Mashine hutunza kumbukumbu ya kila muamala, na hela za ndani zikihesabiwa, hiyo laki nne inatakiwa ionekane kama ziada. Usitoke kaunta bila namba ya lalamiko au nakala yenye mhuri. "Tutakupigia" ya mdomo si ushahidi.

Wakikaa kimya, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja, na ofisi zao zipo Mtaa wa Mirambo, Posta. Watakuuliza kwanza kama ulianzia benki yako. Na akipiga mtu eti anakurudishia hela umtajie namba ya siri, kata simu.