Sidiria ya kunyonyeshea

Shoga, umeuliza kama sidiria yako ya zamani yenye waya yafaa kunyonyeshea. Iweke kando. Waya hubana, maziwa yakakwama, titi likavimba, na homa haiko mbali. Tafuta ya pamba inayofunguka mbele, isiyokubana.

Kwa maziwa yanayovuja mimi nilikata leso kuukuu duara, nikashona tabaka nne. Badilisha kila ikilowa; kwa joto hili la Lamu chuchu ikikaa na unyevu huchubuka upesi. Chini ya buibui, dera lenye zipu kifuani latosha.

Pampu ya kijipira cha kubonyeza usinunue, ndani haisafishiki. Na maziwa uliyokamua tia frijini mara moja. Zile saa 4 wanazosema maziwa yaweza kukaa nje ya friji ni za chumba chenye ubaridi, si vyumba vyetu.