Kocha Akipiga Simu, Nani Anapokea?

Mwezi huu barua zenu karibu zote zina neno moja, koneksheni. Wengine mnaliandika kwa uchungu, wengine kwa matumaini, nikaona nichague tatu nizijibu kwa nafasi, ile ya kwanza nimeipa nafasi kubwa zaidi kwa sababu najua wazazi wengi mko palepale alipo huyu mama.

SWALI: Kocha habari za kazi. Mimi ni mama wa kijana wa darasa la 11 hapa Texas, anacheza besiboli, ni mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kudaka mpira wa mrushaji. Mwenzake wa timu hiyohiyo juzi kapata nafasi chuo cha Divisheni ya Kwanza (D1, ile ngazi ya juu ya michezo ya vyuo) na kiukweli kwa kupiga mpira na gongo hamfikii mwanangu hata kidogo, nina daftari naandika kila mechi. Nikaja kusikia kocha wao ndio alipiga simu, kumbe na kocha wa hicho chuo waliwahi kucheza pamoja. Mimi nimekua nikisikia kizuri chajiuza, sasa hii si kubebana tu? Na kuna klabu moja ya majira ya joto, mwenyewe anasema anawajua makocha wote wa D1, ada yake ni kubwa mno ila kama ndio njia nitajikamua. Naomba ushauri. (Mama wa mdakaji, Texas)

JIBU: Mama yangu nzuri tu, na pole. Hilo daftari limenigusa, mzazi anayekaa juani kila mechi na kalamu mkononi hawezi kuambiwa tu "subiri" akaelewa.

Tuanze na hilo la kubebana maana ndilo linalokuuma. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza vyenye besiboli viko karibu 300, na kila kimoja kina kocha mmoja au wawili ambao kazi yao kubwa ni kutafuta vijana. Kila siku imeli zinaingia, kila imeli ina video, na kwenye video kila kijana ni mzuri mama, kwa sababu hakuna anayetuma video ya siku aliyokosa mpira mara tatu. Kasi ya mpira rada inapima, mbio saa inapima, lakini yule kocha anataka kujua vitu ambavyo hakuna kifaa kinachovipima, na hana muda wa kukaa na kila kijana miaka mitatu. Kwahiyo anamtafuta mtu ambaye ameshakaa naye hiyo miaka mitatu na ambaye anamwamini. Koneksheni yenyewe ni hiyo basi.

Nikupe mfano niliousikia kwa masikio yangu. Siku moja nilikuwa kwenye gari la kocha mwenzangu, simu iko kwenye spika, anaongea na msaidizi wa kocha wa chuo kimoja kuhusu kijana wake. Maswali ya besiboli yaliisha haraka sana, urefu, mkono, kasi, basi. Kilichofuata sikukitegemea. "Baba yake yukoje? Anakupigia kelele?" "Darasani?" "Akitolewa kwa straiki anafanyaje?" yaani akishindwa kuupiga mpira. Mwenzangu akamwambia juzi tu alitolewa wenzake wawili wakiwa kwenye besi, akarudi benchi, akaweka helmeti yake taratibu, akaanza kuvaa vifaa vya kudakia, halafu akamfuata mrushaji akamwambia kitu wakacheka. Halafu bila kuulizwa akaongeza kwamba mpira wa kukunja bado unamsumbua, anaufuata mbali, mwaka mmoja wa kazi utamsaidia. Kule upande wa pili kimya kidogo, halafu, "Nitumie ratiba yenu."

Umeona mama? Hiyo simu yote imezaa ratiba. Sio skolashipu, sio nafasi, ni kocha kukubali kuja kukaa kwenye viti na kuangalia mechi moja. Baada ya hapo kijana ni yeye na gongo lake. Na ona yule kocha alivyosema ubaya wa mchezaji wake mwenyewe, hapo ndipo watu wengi hawaelewi, wanadhani kocha mwenye koneksheni ni yule anayesifia sana, kumbe akisifia uongo mara moja tu, kijana akafika chuoni akaonekana hawezi, mwaka unaofuata simu yake haipokelewi, na wanaoumia ni vijana wote watakaomfuata. Kwahiyo kocha anapopiga simu anaweka rehani jina lake, ndio maana wazuri hawapigi ovyo.

Sasa mwanao. Inawezekana kabisa kocha kapendelea, siwezi kukataa, yapo, na yakitokea ni dhuluma kwa mtoto. Lakini inawezekana pia kile chuo kilikuwa kinatafuta mchezaji wa nafasi nyingine anayekimbia, sio mdakaji, maana nafasi zinatafutwa kwa idara na mdakaji hatazamwi kwa gongo kwanza. Anatazamwa anavyopokea mpira, anavyoongoza warushaji, na muda kutoka mpira unapogonga glavu yake mpaka ufike besi ya pili, ukiwa kwenye sekunde 2.0 hivi watu wanaanza kugeuza shingo. Daftari lako lina hilo? Kama halina anza wiki hii.

Halafu nenda kamuone kocha wake, usiende baada ya mechi na usiende na hasira, omba miadi, mpeleke na kijana mwenyewe aongee yeye. Swali liwe hili: "Kocha, unaniona kiwango gani, na kwenye kiwango hicho unamjua nani?" Akikwambia Divisheni ya Pili au ya Tatu usinune, msikilize anawataja akina nani. Kocha anayewajua watu watano wa Divisheni ya Tatu wanaopokea simu zake ana faida kwako kuliko anayejua jina la kocha mkubwa ambaye hamkumbuki. Divisheni ya Tatu haitoi skolashipu ya michezo ni kweli, ila vyuo vyake vingi vinasaidia kwa alama za darasani na kwa kuangalia uwezo wa familia, na neno la kocha huko linasikilizwa kwelikweli kwa sababu wao hawana bajeti ya kuzunguka nchi nzima.

Kuhusu huyo wa klabu anayewajua wote, mama hamna mtu anayewajua wote. Chama cha makocha wa besiboli Marekani, ABCA, kipo tangu 1945 na kila Januari kinafanya mkutano wanajaa makocha maelfu, ukiwa na tiketi na simu yenye kamera utapiga picha na yeyote umtakaye, picha hiyo ukaibandika ofisini. Usimuulize anamjua nani. Muulize vijana wake wa miaka mitatu iliyopita walienda wapi na nani kati yao bado yupo hapohapo alipopelekwa. Kumwingiza kijana mahali sio kazi ngumu sana, kazi ni awe bado yuko kwenye kikosi mwaka wa pili. Huyo wa klabu akianza kuzungukazunguka kukujibu, hela yako rudi nayo nyumbani.

Na nikuongezee hili maana linaonyesha hizi koneksheni zinatoka wapi, sio siri wala sio uchawi. Jack Leggett alikuwa kocha mkuu wa besiboli chuo cha Clemson kuanzia 1994 mpaka 2015. Tim Corbin alikuwa msaidizi wake kabla ya kwenda chuo cha Vanderbilt, Kevin O'Sullivan naye alikuwa msaidizi palepale kabla ya kuchukua timu ya chuo cha Florida. Erik Bakich alianza kwa kujitolea Clemson, akamfuata Corbin Vanderbilt, baadaye akawa kocha mkuu Maryland, kisha Michigan. Fainali ya vyuo ya 2019 kule Omaha ikawa Vanderbilt ya Corbin dhidi ya Michigan ya Bakich, mwalimu na kijana wake, mwalimu akashinda, na leo Bakich ndio kocha mkuu wa Clemson. Sasa fikiria kocha wa haiskuli aliyewahi kufanya kazi na mmoja tu kati ya hao. Akimpigia huyo mmoja na huyo akawa hana nafasi ya mdakaji, anaweza kusema "mimi nimejaa lakini ngoja nimtumie fulani ujumbe." Hapo ndipo koneksheni inapokuwa na thamani, kwenye ile simu ya pili ambayo wewe mzazi hutaisikia.

SWALI: Kocha, kijana wangu yuko darasa la 12. Kocha msaidizi wa chuo fulani alishamuahidi nafasi kwa mdomo, tukatulia hatukutafuta kwingine. Sasa yule kocha kahamia chuo kingine, walioingia hawajibu simu, na naambiwa sheria mpya zimepunguza vikosi. Je tumekwisha? (Baba, Ohio)

JIBU: Hamjaisha ndugu yangu ila msilale leo. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu yeyote, sio chuo sio kijana, na ile barua ya kusaini iliyozoeleka miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, waliifuta Oktoba 2024, siku hizi kinachoshika ni mkataba wa msaada wa fedha ulioandikwa.

Kuhusu vikosi ni kweli umebana. Tangu msimu wa 2025-26 vyuo vya Divisheni ya Kwanza vilivyoingia kwenye ule mpango mpya wa vyuo uliopitishwa na mahakama vina mwisho wa wachezaji 34, wakati kabla ya hapo ilikuwa inafika 40. Zamani skolashipu zilikuwa 11.7 kwa kikosi kizima zinakatwa vipande vipande, sasa chuo kinaweza kumpa kila mmoja wa hao 34 kama kina hela. Changanya na wanaohama chuo kwenda chuo, wana miaka 21, 22, miili imekomaa, kocha anawaona wako tayari. Mtoto wa haiskuli anabanwa.

Fanya hivi. Kocha wa haiskuli ampigie yule aliyehama, ampigie yeye sio wewe. Yule mtu alimtaka kijana wako, hajaacha kumtaka kwa sababu kabadilisha jezi, ama atamchukua huko aliko ama atasema nani mwingine alikuwa anamuulizia. Wengi hawafanyi hivi kwa sababu wamekasirika, nawaelewa, lakini mlango ulio wazi zaidi ndio huo.

Na usidharau vyuo vya miaka miwili. Albert Pujols, yule nyota wa besiboli, alicheza Maple Woods, chuo cha miaka miwili huko Kansas City, akachukuliwa na Cardinals, timu ya kulipwa, raundi ya 13 ya uchaguzi wa wachezaji mwaka 1999. Makocha wa vyuo hivyo wanaongea na wa Divisheni ya Kwanza kila wiki maana ndio wanaowapelekea wachezaji, kwahiyo kijana akifanya vizuri pale anapata kocha mpya mwenye simu nzito kuliko ya haiskuli.

SWALI: Shikamoo kocha. Kocha wetu wa shule ni mwalimu wa hesabu, anatupenda sana ila hajawahi kucheza chuo na hajui mtu. Nina miaka 15, mrushaji wa mkono wa kushoto. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwalimu wako ana kitu kikubwa, anakujua uwanjani na darasani, na makocha wa chuo wanauliza vyote viwili. Asichokuwa nacho ni namba za simu tu, na namba ziko kwenye tovuti za vyuo.

Andika imeli mwenyewe, fupi, usimuachie mama. Weka mwaka utakaomaliza shule, nafasi unayocheza, mkono, urefu, alama zako za darasani, video fupi ukirusha ukionekana kwa pembeni na kwa nyuma, na ratiba ya mechi. Makocha wa Divisheni ya Kwanza hawaruhusiwi kukujibu mambo ya usajili mpaka Agosti 1 kabla hujaanza darasa la 11, kwahiyo ukikaliwa kimya usivunjike moyo, imeli zinasomwa. Na kama kuna kambi chuo cha karibu na nyumbani kwako nenda hiyo moja, ukitoka mshukuru kocha aliyekufundisha kwa jina, mwezi unaofuata mwandikie umefanyia kazi nini kati ya alivyokwambia. Ukifanya hivyo mara tatu nne tayari una mtu anayekujua.

Kuna makocha wa timu pinzani pia. Ukiwarushia vizuri wanakumbuka, na mwalimu wako akimfuata mmoja wao baada ya mechi akamwambia "wewe una watu chuoni, nisaidie kumsemea huyu," wengi watakubali, nimewaona wakifanya hivyo kwa watoto wasio wao. Mwombe mwalimu afanye hivyo. Na ile namba yake ya simu utakayoiweka mwisho wa imeli, ihakikishe iko sahihi, na mwambie umeiweka, ili simu ngeni ikiita saa za darasa ajue ni ya nini.