Kuingia Si Kuwaka: Jinsi ya Kuchagua Vifaa vya Kompyuta Yako ya Kwanza ya Gemu

Vifaa visivyoingiliana kabisa havimtii mtu hasara. Ukijaribu kuchomeka RAM ya DDR5 kwenye mazabodi ya DDR4, mkato wa katikati unagoma, unairudisha dukani na kubadilishiwa. Hasara iko kwa vile vinavyoingia vizuri na skrubu zikakaza, halafu kompyuta haiwaki, au inawaka lakini inacheza gemu kwa nusu ya nguvu uliyolipia. Tuviangalie hivyo, kwa mfano mmoja ambao bado una maana kwa mfuko wa kawaida: prosesa ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B550 na kadi ya picha ya Radeon RX 6600 yenye GB 8.

Kabla ya yote, angalia monita uliyonayo. Mfano huu ni wa 1080p, yaani picha ya nukta 1920 kwa 1080. Kama monita yako ni ya Hz 60 (fremu 60 kwa sekunde) na huna mpango wa kuibadilisha, kadi kubwa kuliko RX 6600 itakuwa inachora fremu usizoziona.

Ryzen 5 5600 inakaa kwenye soketi ya AM4, na mazabodi za AM4 ziko nyingi, mpya na za mitumba. Pini zote zitaingia hata kwenye B450 ya 2018. Lakini prosesa hii ilitoka 2022, na mazabodi iliyokaa stoo tangu kabla ya hapo huenda haiijui mpaka iwekewe BIOS mpya, yaani ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha kompyuta. Hata B550 za mwanzo, za 2020, zilihitaji kusasishwa ili zikubali Ryzen za mfululizo wa 5000. Dalili yake inawachanganya wengi: feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo cheusi. Watu hudhani prosesa imekufa. Dawa ni kufungua tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi, kutafuta orodha ya prosesa zinazokubalika, na kusoma toleo la BIOS lililoandikwa mbele ya 5600. Kama mazabodi ina kitufe cha BIOS Flashback nyuma, unaweza kuisasisha kwa flashi ya FAT32 hata bila prosesa. Kama haina, muuzaji aisasishe mbele yako kabla hujatoa pesa.

Herufi na namba za mwisho kwenye jina la prosesa si mapambo. Kwa Intel, F kama ile ya i5-12400F maana yake prosesa haina picha ya ndani. Bila kadi hutaona kitu. 5600 ya AMD nayo haina, ingawa haina herufi yoyote ya kukuonya. 5600G inayo, na ndiyo maana wauzaji huitoa kama "ileile tu, tena na picha juu". Si ileile. Kashe yake ya L3, yaani kumbukumbu ya haraka ya ndani ya prosesa, ni MB 16 badala ya 32, na inaishia PCIe 3.0, toleo la zamani la njia inayounganisha kadi na prosesa. Kwa RX 6600, inayotumia njia 8 za PCIe, kushuka kutoka 4.0 hadi 3.0 hakuumizi sana. Kwa RX 6500 XT, yenye njia 4 na GB 4 tu, kunaumiza kweli, na mazabodi za B450 na A520 zote ni PCIe 3.0. Kadi hiyo usiiguse kama utaiweka kwenye mojawapo ya hizo.

Ukiamua kwenda Intel ya soketi ya LGA1700, yaani kizazi cha 12 hadi 14, soma jina la mazabodi mpaka mwisho. Mazabodi ileile ya B660 au B760 hutolewa kwa DDR4 na kwa DDR5, na tofauti mara nyingi ni "D4" au "DDR4" kwenye mkia wa jina. Vilevile feni ya prosesa iliyokuwa kwenye LGA1200, soketi ya kabla yake, haitafunga bila vyuma vipya, kwa sababu matundu yamehama kutoka umbali wa milimita 75 hadi 78. AM5, soketi ya AMD iliyofuata AM4, ni DDR5 tu, hakuna mjadala.

RAM: chukua vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha GB 16. Prosesa husoma kwa chaneli mbili, na kipande kimoja kinaifungia moja. Kwenye mazabodi yenye nafasi nne, weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa.

Kwa wanaonunua RAM ya mitumba, iwe Kariakoo, Luthuli Avenue au kwa mtu anayeleta kutoka Dubai, kuna mtego mmoja hauzungumzwi vya kutosha. RAM za seva ni rahisi mno, na za DDR4 zina mkato palepale zilipo za kawaida, kwa hiyo zinaingia na kulabu zinajifunga "klik". Kompyuta haiwaki. Soma lebo kwa karibu: ukikuta kitu kama PC4-2400T-RA1, ile R baada ya kistari ni ya seva. Unayoitaka imeandikwa U, mfano PC4-2400T-UA2. Ukiona S, hiyo ni ya laptopu, fupi, na haitaingia.

Sasa pawa saplai, ambayo wengi huinunua kwa chenji iliyobaki. Usisome namba kubwa iliyochapwa ubavuni. Tafuta jedwali la lebo, shuka kwenye safu ya +12V, chukua ampea uzidishe kwa 12. Prosesa na kadi hula karibu umeme wao wote hapo. Zipo pawa saplai zilizoandikwa wati 500 au 600 ambazo safu hiyo ina ampea 18: hizo ni wati 216. RX 6600 peke yake ni wati 132, 5600 inaruhusiwa kufika 76, na bado hujahesabu mazabodi, SSD na feni. Itawaka, utafungua Windows, utavinjari siku nzima, na siku utakapoingia kwenye gemu nzito itajizima. AMD wanashauri wati 450 kwa kadi hii. Nunua wati 500 au 550 za kampuni inayotoa dhamana ya maana. Alama ya 80 Plus inapima umeme mdogo kiasi gani unapotea, haikuahidi kwamba vipuri vya ndani ni imara.

Pawa saplai za bei ya chini huwa na swichi nyekundu nyuma yenye 115 na 230. Kwetu iwe 230. Ikiachwa kwenye 115, ukiwasha tu utasikia mlipuko. Waya wa prosesa unagawanyika 4+4, wa kadi 6+2. Vyote vina pini nane, na ukilazimisha kimoja mahali pa kingine utachoma kitu. Kama nyaya zinachomoka, usichanganye za pawa saplai moja na nyingine hata kama plagi zinafanana, kwa kuwa upande wa kwenye boksi kila mtengenezaji hupanga pini anavyotaka. Hivi ndivyo diski nyingi zinavyouawa.

Na kwa kuwa umeme unakatika: kwenye UPS angalia wati, si VA. Nyingi za VA 650 hazifiki wati 400. Pia baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai (saketi inayorekebisha jinsi umeme unavyovutwa kutoka ukutani) hujizima UPS ya bei ndogo inapohamia betri, kwa sababu wimbi linalotoka si laini. Zijaribu pamoja kwa kuchomoa UPS ukutani, kabla ya siku ya mechi.

SSD ya M.2 ina aina mbili, SATA na NVMe, na baadhi ya nafasi hukubali moja tu. Kwenye mazabodi nyingi, ukijaza nafasi ya pili ya M.2 unapoteza plagi moja au mbili za SATA. Kitabu chake kinataja zipi. Kasha pima vitu viwili: urefu wa kadi na kimo cha feni ya prosesa.

Kuna wanaokwepa haya yote kwa kununua kompyuta ya ofisi ya mtumba na kuitia kadi. Inawezekana, ila ujue unachonunua. Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hulisha mazabodi kwa plagi ya pini 8 badala ya 24 za kawaida, pawa saplai yake haifiki wati 300, na toleo lake dogo la SFF linapokea kadi fupi za kimo cha nusu tu. Hapo unabaki na kadi zisizo na plagi ya umeme, zinazotosheka na wati 75 za nafasi yenyewe, kama baadhi ya GTX 1650.

Kadi ya mtumba usiilipie kabla ya kuifungua kwenye programu ya GPU-Z, usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia. Zipo kadi kongwe zilizobadilishwa BIOS zijiite GTX 1050 Ti, na programu hiyo huzitambua nyingi na kuziandika FAKE. RX 580 nayo iwe na chembe za kuchakata (Shaders) 2304. Ikionyesha 2048 ni ndugu yake mdogo, na bei ishuke.

Vikishapatikana, usiviweke kwenye kasha moja kwa moja. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, na prosesa, feni yake, kipande kimoja cha RAM na kadi tu, uwashe. Mazabodi nyingi zina vitaa vinne vidogo vilivyoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Kinachobaki kimewaka kinakuonyesha pa kuanzia. DRAM mara nyingi ni kipande hakijakandamizwa hadi mwisho. BOOT kabla ya kuweka Windows ni kawaida.

Ukihamia kwenye kasha, hesabu vile vinguzo vya shaba chini ya mazabodi: kila kimoja kiwe chini ya tundu. Kilichozidi kinagusa mgongo wa mazabodi na kupiga shoti. Kebo ya monita ichomeke kwenye kadi, si kwenye mazabodi. Kisha ingia BIOS uwashe XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, ambao baadhi ya mazabodi za AMD huiita DOCP, la sivyo RAM ya 3200 itatembea 2133, 2400 au 2666. Hapohapo washa fTPM (TPM, yaani sehemu ya usalama, iliyo ndani ya prosesa) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka), kwa sababu Windows 11 inadai TPM 2.0, na gemu kama Valorant likiwa kwenye Windows 11 halifunguki bila hivyo viwili.