Castolo hayupo, lakini namjua anakimbilia wapi

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni gemu gani unairudia kila ukitaka kupumzika?" Nimelisoma dukani, betri 14 zikiwa kwenye chaji, na tangu asubuhi halijanitoka. Jibu fupi ninalo. Ni Pro Evolution Soccer 6 (PES 6), gemu ya mpira wa miguu, ile ya 2006, kwenye PlayStation 2 (PS2). Ila hilo jina peke yake halisemi kitu, kwa sababu kilichonigusa katika swali lenu si "gemu". Ni "kurudia".

Mzee anayekaa chini ya mwembe kule Ujiji, anacheza bao tangu adhuhuri mpaka Alasiri, kete zilezile, mashimo yaleyale, na mpinzani wake yuleyule wa miaka yote, hakuna anayemuuliza. Watu wanapita wanamwamkia. Anapumzika. Mimi nina miaka 35, mke na watoto wawili, na nikishika pedi ya gemu jioni naulizwa kama sina kazi. Kazi ninayo. Nachaji na kukodisha betri za taa za wavuvi hapa Kibirizi, Kigoma. Wakati wa giza, mbalamwezi ikishaondoka, vijana wa dagaa wanakuja kuzichukua kuanzia saa 10 jioni, na kila betri moja nimeinyanyua mwenyewe mara mbili kwa siku. Wakishaingia ziwani, mgongo wangu haunitaki tena. Hapo ndipo nawasha PS2 yangu nyembamba, ambayo naiendesha kwa inveta na betri moja iliyochoka, haiwezi tena kukesha na taa lakini kwa saa mbili za gemu inatosha kabisa.

Wasioijua PES 6 niwaeleze kidogo. Kuna sehemu inaitwa Master League. Unachagua timu, unawekwa daraja la pili, halafu unapewa wachezaji ambao duniani hawapo. Wametungwa na Wajapani wa Konami, waliotengeneza gemu hii. Golini Ivarov, nyuma Stremer na Valeny, katikati Minanda, mbele Ximelez na Castolo. Ni wazito na wanapoteza mipira ya wazi. Ukishinda unapata pointi, na pointi ndizo fedha za kununulia wachezaji wa kweli na kulipa mishahara, kwa hiyo wenzangu wote walikuwa wanawauza haraka wale wa kutungwa ili wamtafute Adriano, mshambuliaji wa Inter Milan, ambaye nguvu ya shuti lake iliandikwa 99 na mguu wake wa kushoto ulikuwa unatisha kibanda kizima cha gemu. Mimi siwauzi. Nacheza nao wote mpaka nipande daraja, halafu nafuta na kuanza upya. Mke wangu huniuliza mtu gani anabomoa nyumba kila akimaliza kupaua.

Sasa niwaambie ilianzia wapi.

Mwanzoni mwa 2009 yalitoka matokeo ya kidato cha nne, na yangu yalikuwa sifuri. Baba aliyajua siku hiyohiyo, maana Kibirizi habari hailali njiani, lakini hakuniita. Mimi nikaona bora nisiwepo nyumbani. Kila asubuhi nasema naenda Mwanga, hapahapa mjini, kutafuta kibarua, kumbe naenda kwenye kibanda cha gemu nyuma ya soko. Pale kulikuwa na TV mbili za kichogo, mabenchi matatu, na feni isiyozunguka. Mechi shilingi 200, aliyefungwa analipa na kumpisha mwingine. Mwenye kibanda aliniamini, akanipa kazi: nifagie, nifute vumbi, na kila asubuhi niende na dumu la lita 5 kununua petroli ya jenereta. Miaka ile mji wetu ulikuwa bado unategemea mitambo ya dizeli (gridi ya Taifa tumeiona baadaye sana), kwa hiyo kibanda kisicho na jenereta hakikuwa kibanda. Malipo yangu yalikuwa kucheza bure tangu saa 2 mpaka saa 5. Alinipa nafasi moja kwenye memori kadi yake, ile ya megabaiti 8 iliyofungwa raba ili isichezecheze. Timu yangu niliipa jina Kibirizi.

Siku ninayoisema ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Wavuvi hawaingii ziwani mwezi ukiwa mpevu, samaki hawaifuati taa, kwa hiyo ni siku za kushona nyavu, na mimi nilitakiwa niwe pale ufukweni nimemshikia baba wavu. Badala yake nilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Nikishinda napanda daraja. Tumefungana bao mojamoja, dakika ya 70 na kitu, Minanda anautafuta mpira kama mtu aliyeangusha ufunguo. Watoto wa shule wanaoingia zamu ya mchana walikuwa wamejaa kwenye benchi nyuma yangu, wakapiga kelele, halafu wakanyamaza wote kwa pamoja.

Baba alikuwa ameinama mlangoni. Mlango wa kile kibanda ulikuwa mfupi, na baba ni mrefu. Sindano ya kushonea nyavu ilikuwa bado mfukoni mwa shati, na uzi wa kijani umening'inia mpaka kiunoni. Watoto wakajibana ukutani. Mimi nikaiweka pedi chini.

"Endelea," akasema.

Nikaokota pedi. Akakaa kwenye benchi, nikasikia harufu ya mafuta ya taa, maana enzi hizo zilikuwa karabai na harufu yake haikumtoka hata akioga. Hakuna aliyesema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Ninyi ni wepi?"

"Weupe, baba."

"Na yule wa mbele, anayechelewa?"

"Castolo."

"Wa nchi gani?"

"Hayupo, baba. Wametunga tu."

Akafikiri. Mpira ulitoka, ukarushwa, ukapotea. Akasema, "Hayupo, lakini wewe unamjua anakimbilia wapi."

"Namjua."

Dakika ya 88 umeme ukakatika.

Watoto wakaguna, mwenye kibanda akatoka nyuma kuvuta jenereta, akavuta mara tatu, nne, halafu akafungua kifuniko cha tangi na kuniangalia. Asubuhi ile sikwenda kununua petroli. Dumu lilikuwa pale pale mlangoni, tupu, nimeliruka mara mbili nikifagia. Nilingojea kofi, kama si la mwenye kibanda basi la baba. Baba akasimama, akaliokota dumu, akaniambia, "Nionyeshe wanapouza."

Tukaenda. Si mbali, ni kama dakika 15 kwa mguu, jua limekaza, na vumbi lile jekundu la Mwanga kabla ya lami. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno njia nzima na hayakuja. Alilipa lita mbili kwa fedha yake, na wiki ya mbalamwezi mvuvi hana fedha. Wakati wa kurudi dumu nililibeba mimi. Jambo moja tu aliuliza, kama ile mechi itaendelea pale ilipoishia. Nikamwambia hapana, sikuwa nimesevu, itabidi tuanze mwanzo.

"Basi tuanze," akasema.

Akaitazama yote tangu kipenga cha kwanza. Tulifungwa mbili bila. Ivarov alipigiwa mpira mikononi na yeye akautema miguuni kwa mshambuliaji, na baba akatoa sauti ileile anayoitoa wavu ukipanda mweupe. Alipoona mechi imeisha akainuka, akawapa mkono watoto wote wa benchi mmoja mmoja, akaniambia, "Haya, twende, wavu una matundu." Tukashona mpaka Magharibi. Habari ya sifuri hakuigusa siku ile, wala siku nyingine yoyote. Mwaka uliofuata nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikapata za kunitosha, nikasomea umeme. PS2 hii niliyonayo ndiyo ileile ya kibanda. Mwenyewe alipohamia mashine mpya alinipigia simu mimi kwanza.

Nimeandika kirefu kuliko mlivyoomba, lakini mnaona ninachorudia. Sirudii ubingwa. Ubingwa wa Ulaya na wale wachezaji sijawahi kuuona. Narudia daraja la pili, wachezaji wazito, na London FC badala ya Chelsea, kwa sababu Konami hawakuwa na haki ya kulitumia jina lake. Najua Castolo atachelewa wapi. Mwili umechoka, akili nayo inapewa kitu kidogo ambacho mipaka yake inaijua, inatulia. Nimejaribu pia eFootball, mrithi wake wa simu, ya bure kabisa. Ni nzuri kwa macho. Lakini inanitumia ujumbe saa 3 usiku kwamba kuna zawadi ya leo na itaisha. Hiyo kwangu ni kazi ya pili. PS2 ikizimwa mwezi mzima, ikiwashwa inanikuta pale nilipoiacha.

Nilipokaa kuandika, nia yangu ilikuwa kuwaambia wazee wetu kwamba wamekosea, kwamba gemu ni mapumziko kama bao, basi. Hapa nilipofika siwezi tena kulisema hivyo lote. Nimehesabu. Tangu matokeo yalipotoka mpaka siku ile ya baba ni wiki sita. Gemu ileile, Castolo yuleyule. Na sikumbuki siku hata moja katika wiki zile niliyotoka kibandani nimepumzika. Nilikuwa natoka na macho yanayowaka na uongo wa kupeleka nyumbani. Halafu 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa wavuvi miezi 3, kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, ili samaki wazaliane, duka langu lilikaa kimya na mimi nikacheza karibu kila usiku. Nilipanda daraja mara nne. Mgongo haukuuma, na usingizi haukuja. Nilikuwa nawaza ada na kodi ya fremu huku nikipiga pasi. Kwa hiyo kilichonipumzisha miaka yote hii inawezekana ni zile betri 14, na PES 6 ilikuwa kiti tu cha kukalia baada yake. Sina uhakika kwamba mtu ambaye hajachoka anaweza kupumzishwa na chochote.

Ndiyo maana nimefanya jambo ambalo haliendani na niliyoyaandika juu. Mpwa wangu anakaa kwangu, yuko kidato cha nne, mtihani ni Novemba hii. Anaipenda PS2 kuliko simu, na Master League amefundishwa na mimi. Mwezi uliopita nimeichomoa, nikaifungia kabatini pamoja na pedi zote mbili, na ufunguo ninatembea nao. Jumamosi Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, wakicheza pale uwanja wa Lake Tanganyika nampa nauli na kiingilio aende akaone mpira wa watu waliopo. Lakini kabati silifungui. Namwona anavyolitazama akipita, na mimi mwenyewe jioni nakaa na mgongo wangu bila kitu mkononi, kwa kuwa si haki nicheze mbele yake.

Baba hakubaliani na mimi. Ziwani haendi tena, anakuja dukani jioni, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pembeni ya chaja. Anasema kijana apewe mechi moja kila Jumamosi, aimalize, halafu aitwe kazini. Nimemwambia mimi sikuwa na kipimo na kijana naye hatakuwa nacho. Akaniambia kwamba siku ile hakuja na kipimo, alikuja kuniita nishike wavu, akakuta mechi haijaisha. Tumelizungumza mara tatu na hatujaelewana. Jana akamuuliza mpwa wangu, nikiwepo, kama Castolo bado anachelewa.