Kuchungulia Data Kabla ya Mwisho: Maswali Yenu na Majibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: kulinganisha wastani wa makundi mawili huku data zikiendelea kuingia, na kujua lini pa kusimama.

Nimepima watu 20 kila kundi, thamani ya p ikawa 0.07. Nikiongeza watu kumi kumi hadi ishuke chini ya 0.05, kuna ubaya?

Upo. Thamani ya p ni uwezekano wa kuona tofauti kubwa kama yako au zaidi wakati kwa kweli haipo. Kile kiwango cha 5% (yaani 0.05) kinakulinda ukipima mara moja tu, kwa idadi uliyoipanga kabla. Mwanatakwimu Peter Armitage na wenzake walipiga hesabu hii mwaka 1969: makundi yakiwa hayatofautiani hata kidogo, ukipima mara 5 kwa hatua zinazolingana, uwezekano wa kutangaza tofauti ya uongo unafika takriban 14%. Ukipima mara 10, ni 19%. Mwenye subira isiyo na mwisho ataipata tu p anayoitaka. Zipo njia za kuigawa ile 5% kati ya hatua zako, lakini hupangwa kabla ya kuanza. Wewe umeshachungulia, kwa hiyo andika wazi ulichofanya.

Basi Bayes ana nini hadi kwake turuhusiwe kuchungulia?

Uwiano wa Bayes, kipimo cha ushahidi katika takwimu zinazofuata kanuni ya Thomas Bayes, unauliza swali jingine: data hizi zingetarajiwa mara ngapi zaidi kama tofauti ipo (H1) kuliko kama haipo (H0)? Ukipata 6, ushahidi unaiegemea H1 mara sita. Ukipata 1/6, unaiegemea H0 kwa uzito uleule. Namba hiyo huhesabiwa kutokana na data zilizopo mezani. Haijali kama ulikusudia kuendelea au kuacha.

Tena H0 ikiwa kweli, kuvuta muda hakukusaidii, maana kadiri data zinavyoongezeka ndivyo uwiano unavyoteremka kuelekea H0. Mwaka 1939 mwanahisabati Jean Ville alithibitisha kanuni ambayo hapa inatupa kikomo: H0 ikiwa kweli, uwezekano wa uwiano kuwahi kugusa 10, hata ukichungulia baada ya kila mtu mmoja, hauzidi 1 kwa 10. Kugusa 30, hauzidi 1 kwa 30. Lakini soma vizuri: 1 kwa 10 si sifuri, na ni kubwa kuliko 5%. Wanaosema Bayes hadhuriwi kabisa na kuchungulia wanatia chumvi.

Wazo lenyewe la kupima hatua kwa hatua lina umri. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanahisabati Alan Turing na wenzake pale Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja misimbo, walijumlisha ushahidi kidogo kidogo walipokuwa wakivunja misimbo ya Wajerumani. Huko Marekani, mwanatakwimu Abraham Wald alichapisha nadharia yake ya upimaji wa hatua kwa hatua mwaka 1945.

Nisimame kwenye 3 au 10?

Mimi husimama kwenye 10, na sichungulii kabla ya watu 20 kila kundi. Sampuli ikiwa changa uwiano hurukaruka, na 3 huguswa kwa bahati tu. Kumbuka pia kwamba 10 si jibu la mwisho. Kama mwanzoni uliona H0 na H1 zina nafasi sawa, sasa H1 ina takriban 91%. Kama uliipa H1 nafasi 1 dhidi ya 20, sasa ina theluthi moja tu.

Nimefika watu 80 kila kundi. Wastani unakaribia kulingana kabisa, lakini uwiano umekwama karibu na 1/5. Programu yangu ni mbovu?

Ni nzima. Ushahidi wa "hakuna tofauti" hutembea kwa miguu, ule wa "tofauti ipo" hupanda gari. Tofauti ikiwepo, uwiano hukua kwa kasi ya kuzidishwa. Isipokuwepo, ushahidi wa H0 hukua kwa kipeuo cha pili cha sampuli tu: kuuongeza mara tatu kunadai data mara tisa.

Kwa mgawanyo wa awali (dhana yako ya ukubwa wa tofauti kabla ya kuona data) wa Cauchy, umbo la kengele lenye mikia mirefu, wenye upana wa 0.707, hata wastani ukilingana sawasawa, unahitaji watu kama 17 kila kundi kufika 1/3, kama 250 kufika 1/10, na zaidi ya 2,000 kufika 1/30. Hii ndiyo sababu nasisitiza mpange kikomo cha juu mapema. Mkikifikia bila jibu, ripotini 1/5 kama 1/5.

Hiyo 0.707 imetoka wapi? Naweza kuibadilisha?

Ndiyo inayokuja na programu ya takwimu ya JASP na kifurushi cha BayesFactor cha lugha ya R. Maana yake ni kwamba, ikiwa tofauti ipo, unaipa nusu ya uwezekano kuwa ndani ya mikengeuko sanifu (kipimo cha jinsi data zinavyotawanyika) 0.707 upande wowote. Kwa fani ambazo tofauti huwa ndogo, huo ni upana mkubwa mno, na upana mkubwa huibeba H0. Ibadilishe kabla ya kuziona data. Baada ya hapo, onyesha matokeo kwa upana mbalimbali, bila kuuchagua unaokupendeza.

Nina tafiti mbili, uwiano 4 na 5. Nizizidishe nipate 20?

Hapana. Utafiti wa pili unapaswa kuanzia pale imani ilipoachwa na wa kwanza, wakati programu imeanza upya mara zote mbili. Kama kipimo ni kilekile, unganisha data uhesabu mara moja.

Nilisimama mapema, watu 24 kila kundi, uwiano umevuka 10 kidogo na tofauti ni mikengeuko sanifu 0.9. Niiamini?

Mwelekeo, kwa tahadhari. Ukubwa, hapana. Wanaosimama mapema mara nyingi ni wale ambao bahati iliwasukuma juu, kwa hiyo 0.9 yako huenda imevimba. Kama ukubwa ndio unaoutafuta, usisimame kwa uwiano. Panga kusimama pale mgawanyo wa baadaye wa tofauti hiyo (unachoamini kuihusu baada ya kuona data) utakapokuwa mwembamba wa kukutosha, popote utakapoangukia.