Nairobi hadi New York: mbona kurudi ni haraka?

SWALI: Mama anakwenda New York kumwona mjukuu, kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Kwenda ni kama saa 15, kurudi 14. Njia si ni ile ile? – Msomaji, Thika

JIBU: Umbali ni ule ule, ndugu yangu, takriban kilomita 11,800. Tofauti ni upepo mkali wa juu ya Atlantiki, unaovuma kutoka magharibi: wakati wa kwenda unaikabili ndege, wakati wa kurudi unaisukuma. Akiruka saa sita usiku mwezi Julai, mama atatua saa mbili asubuhi ya huko, ilhali mwili wake unahesabu saa tisa alasiri. Wasimpangie matembezi siku hiyo! Na ndani ya ndege ainuke, atembee mara kwa mara. Kukaa sana huweza kugandisha damu miguuni, na kwa wazee hilo silichukulii kirahisi.